Hofu Zangu Kinywani mwa Mama

Nilikuwa nimeinamia karai la vyombo uani niliposikia mwanamke nisiyemjua akimwomba Mungu aniondolee hofu ya komeo la choo.

Sauti yake ilitoka kwenye simu ya mama. Simu yenyewe ilikuwa imelazwa dirishani, kwa sababu ndipo mtandao ulipokuwa unashika katika nyumba yetu ya Kaloleni. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya korona, na kina mama wa kikundi chake cha maombi walikuwa wanakutana kwa simu kila siku saa kumi na moja jioni. Kiongozi anampigia wa kwanza, anamuunganisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka wanafika watano. Mama ana sikio moja zito, kwa hivyo aliweka spika na kuipandisha hadi mwisho.

"Baba, tunakuletea binti wa dada yetu," mwanamke yule alisema. "Amesoma mpaka akamaliza, Baba, lakini anaogopa komeo. Analifungua na kiwiko. Ananawa, anarudi kunawa, halafu ananawa tena. Mwondolee komeo, Yesu."

Wengine wakaitikia amina. Mama aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Niliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Habari ya komeo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimeiandika tu.

Nilirudi nyumbani mwezi wa tatu mwaka ule nikiwa na mabegi mawili na barua. Barua ilisema nitaanza mafunzo ya kazi katika ofisi moja Nairobi baada ya Pasaka. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu ukisema nisubiri. Mtu mwingine angesoma neno hilo na kwenda kunywa chai. Mimi nililichambua siku nzima. Nisubiri wiki, au nisubiri mwaka? Waliniambia peke yangu, au waliwaambia wote? Mbona hawakuweka nukta mwishoni?

Mwili nao ukaanza mambo yake. Moyo ulikimbia nikiwa nimekaa. Nilihesabu pumzi zangu nione kama zimepungua, halafu nikawaza kwamba huenda ni kule kuhesabu kunakozipunguza. Usiku nilikohoa makusudi ili nisikie kama ni kikohozi kikavu.

Tulikuwa wawili tu ndani. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Mama alikuwa anauza mashuka na mapazia ya mtumba katika soko la Kibuye, na lilipofungwa alileta mzigo wake wote nyumbani. Marobota manne yakakaa katikati ya chumba, na sisi tukawa tunayazunguka kama wageni ambao hawaagi. Mama hakuzoea kukaa. Alikunja mashuka, akayakunjua, akayakunja tena, huku akinitazama kwa pembe ya jicho.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mama mmoja Mwislamu aliyekuwa anakaanga viazi karai, vile viazi vya kuchovywa kwenye uji wa unga wenye manjano. Alikuwa mjane kama mama. Jiko lake lilikaa kizingitini, na uani pote palinuka mafuta yake kuanzia saa tisa. Aliniita Digrii. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyeniuliza jambo bila kuonekana ananipima.

"Digrii, jana umelala?"

"Kidogo, Mama."

"Kidogo ni ya chumvi. Usingizi mtu anajaza."

Basi asubuhi moja nikamsikia mshauri fulani redioni akizungumza na watu waliofungiwa nyumbani. Alisema mtu mwenye wasiwasi atenge nusu saa kila siku, saa ile ile, aandike kila hofu aliyonayo, kisha afunge daftari. Hofu ikija kabla ya wakati wake, aiambie isubiri. Nilipenda hilo. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu ambacho mimi pia ningeweza kukiambia kisubiri.

Nilichagua saa kumi. Nilipata daftari la kurasa tisini na sita na kalamu ya bluu, nikawa nakaa juu ya robota la mapazia na kuandika. Siku za kwanza niliogopa hata kama naogopa inavyotakiwa. Je, nusu saa inaanza nikifungua daftari au nikianza kuandika? Lakini ilifanya kazi. Sidai kwamba nilipona. Nasema tu kwamba wiki ya pili nililala mpaka jogoo wa jirani akanikera, na nilifurahi kukereka na jogoo. Niliandika kila kitu: komeo la choo cha pamoja, ujumbe usio na nukta, shavu la mama lililoonekana kama limeingia ndani, aibu ya kuvuliwa joho na kurudi kula ugali wa mzazi. Niliandika mambo ambayo nisingemwambia hata daktari. Niliyaandika kwa sababu daftari halina uso.

Jioni ile maombi yalipokwisha niliingia ndani na mikono yenye povu.

"Mama, umesoma daftari langu."

"Nimesoma," alisema. Hakukana, wala hakuacha kukunja shuka.

"Kwa nini?"

"Nyathina, unatetemeka kama kuku wa mvua na mimi huniambii kitu." Nyathina ni mtoto wangu kwa Kijaluo, na mama hulitumia neno hilo anapojua kwamba amekosea. "Sasa nikuombee nini? Nimwambie Mungu 'saidia mtoto' tu, kama mtu anaagiza chai? Mungu anataka kitu yenyewe. Kiongozi ametufundisha, mlima unautaja kwa jina ndiyo uondoke."

"Hiyo si milima. Ni mambo yangu."

"Kwani nani alikuzaa, mimi ama daftari?"

Nilichukua daftari, nikaanza kulipekua haraka, nikijaribu kulisoma kwa macho yake. Kila ukurasa niliofungua ulinipandisha joto shingoni. Kisha nikafika kwenye ukurasa wa siku tatu nyuma. Nilikuwa nimeandika hivi: Mama wa viazi anakohoa tangu Jumatatu. Ametuletea viazi mara mbili. Mama amekula vingi kuliko mimi.

"Na hii?" nikamwonyesha. "Hii pia mmeiombea?"

Mama alitazama pazia.

"Mama?"

"Juzi," alisema. "Lakini tuliomba vizuri. Tuliomba apone. Wale ni watu wa Mungu, hawawezi kutoa nje."

"Na dirisha?"

"Dirisha limefanya nini?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka hapo hadi jiko la viazi karai ni hatua nne.

Usiku ule mama aliahidi. Aliinua mkono wa kulia bila mimi kumwambia ainue, akasema hatashika daftari langu tena, na kwamba nikitaka kuombewa nitasema mwenyewe. Nilimwamini. Nilihitaji sana kumwamini, kwa sababu nyumba ilikuwa moja, na mtu mwingine wa kukaa naye sikuwa naye.

Kesho yake nilikaa mlangoni kuanzia saa tisa nikihesabu wateja wa jirani. Ilikuwa mfungo wa Ramadhani, wakati ambao watu walikuwa wakipanga foleni kabla ya magharibi, na siku hizo walipanga mapema zaidi kwa sababu ya kafyu. Walikuja wachache. Mmoja alifika, akasimama mbali, akajifanya ameitwa kwenye simu. Jirani aliendelea kuchovya na kukaanga, na viazi vikajaa kwenye sinia mpaka vikaanza kulegea.

Siku iliyofuata akaja mhudumu wa afya wa mtaa. Alikuwa kijana mpole mwenye jaketi la kung'aa, na alishika kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso kama bastola. Alimwomba jirani akae kwenye stuli nje, mahali penye hewa. Wapangaji wote walitoka. Hakuna aliyesogea, lakini hakuna aliyebaki ndani.

"Mama, umekohoa tangu lini?"

"Tangu gesi iishe. Nakaangia kuni, na kuni yenyewe ni mbichi. Ni moshi."

"Umesafiri?"

"Nimesafiri mpaka hapo chooni."

Watu wawili walicheka. Yeye hakucheka. Kijana alimpima, akasema hana joto, akarudia kwa sauti ili wote wasikie, kisha akaandika kitu na kuondoka. Kisha mwanamke wa nyumba ya mwisho, ambaye kila jioni alikuwa ananunua viazi vya watoto wake, akasema akiwa mlangoni kwake, "Si vibaya kujua. Maana tulisikia hata Mungu ameshaambiwa."

Jirani akageuza kichwa. Alitazama dirisha letu kwanza, halafu akanitazama mimi. Nafikiri ni hapo alipoelewa, kwa sababu mama na yeye walikuwa wanasalimiana tu, lakini mimi nilikuwa nimemuuliza mara tatu wiki ile, "Mama, kifua kiko aje?" Nilikuwa nimeuliza kwa upole. Sasa upole wangu wote ulionekana kama upelelezi.

Nilimfuata alipokuwa anazima kuni.

"Mama, si mimi niliyesema."

"Nani alisema?"

Kumtaja mama yangu nilishindwa.

"Uliwaza hivyo ama hukuwaza?"

"Niliwaza. Niliandika tu kwa daftari."

"Digrii," alisema, na mara hii jina hilo halikuwa na mzaha wowote. "Kutoka kwako mpaka kwangu ni hatua ngapi?"

"Nne."

"Ukashindwa kuzipiga. Ukaenda kuniandika kama polisi."

Alimwaga maji kwenye majivu na kuingia ndani. Kuanzia siku hiyo aliacha kuniuliza kama nimelala.

Katika siku zile nilijifunza jambo ambalo mshauri wa redio hakulisema. Mtu mwenye wasiwasi akisalitiwa hana mahali pa kupeleka ushahidi wake. Nilianza kushuku kwamba mama bado anasoma. Daftari nilikuwa nimelihamishia ndani kabisa ya robota la mashuka, na siku moja nikakuta shuka la juu limekunjwa kwa mkunjo wa mama, pembe kwa pembe, si kwa mkunjo wangu. Siku nyingine aliniambia, bila sababu, kwamba ofisi nyingi haziweki nukta kwenye ujumbe wa simu. Lakini mimi nilikuwa mtu yule yule aliyeshuku komeo. Ningewezaje kujua kwamba shaka hii ni ya kweli na ile nyingine ni ugonjwa? Zote zilikuwa zinanibana kifua pale pale. Nilimuuliza mara moja, kwa mzunguko, na akanijibu, "Acha mawazo mingi, itakuua," nikaona haya kwa sababu kweli mawazo yangu ni mengi.

Kwa hivyo nikaweka mtego. Siku ya Jumanne saa kumi nilikaa juu ya robota nikaandika: Jino la nyuma, kulia, juu. Linauma tangu Jumapili. Naogopa kumwambia mama kwa sababu kliniki zina watu wengi. Nilikuwa na meno mazima yote. Nililifunga daftari, nikalirudisha kwenye mashuka, nikatoka kwenda kuanika nguo polepole, kipande kimoja kimoja.

Maombi ya Jumanne yalipita bila jino. Nilijisikia mwovu. Nikasema moyoni, tazama, umemtega mzazi wako na yeye hana kosa. Usiku ule nilitaka kumwomba radhi, na nisingeweza kumwomba radhi bila kumweleza kosa lenyewe.

Jumatano saa kumi na moja na robo kiongozi wa maombi alisema, taratibu, kwa huruma ya kweli, "Na Baba, kuna jino. Upande wa kulia. Liguse, Baba."

"Liguse," akasema mama yangu.

Nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti, mgongo ukiwa umeegemea mlango. Sikupata hasira niliyoitarajia. Kitu kilichonijia kilikuwa kama utulivu mbaya, wa mtu ambaye hatimaye amepatikana na ugonjwa aliokuwa anausema kwa muda mrefu bila kuaminiwa. Sikuwa nimekosea. Mama aliinua mkono mbele yangu, akaushusha, akarudi kwenye mashuka.

Sikuwa nimefikiria yatakayofuata mtego. Hao wanawake waliniamini. Mmoja alimtumia mama ujumbe kwamba nisukutue kwa maji ya chumvi. Mwingine akapiga simu kusema nisile sukari. Mama akaja na kikombe cha maji ya chumvi yenye uvuguvugu na kunisimamia. Alifanya yote hayo bila kueleza amejuaje kuhusu jino, na mimi sikuuliza. Tulitazamana juu ya kikombe. Nikasukutua.

Kisha jirani akapiga hatua nne.

Tangu siku ya mhudumu wa afya hakuwa amekanyaga upande wetu. Alisimama mlangoni, ushungi wake ukiwa umefunika mdomo, na kwenye kiganja alikuwa na kikaratasi kilichokunjwa.

"Nasikia jino," alisema. Alisema kwangu, si kwa mama. "Karafuu. Unaitia pale pale unauma kwa nguvu. Inawasha kidogo, halafu unasahau."

Nilipokea. Karafuu zilikuwa tano. Alikuwa amepoteza wateja wa Ramadhani kwa ajili ya sentensi tatu zangu, na amesikia kupitia dirisha lile lile kwamba naumwa, na amekwenda kabatini kwake kunitafutia dawa. Kama ningekuwa mtu wa aina nyingine ningeweka karafuu mdomoni na kushukuru. Lakini niliwaza kwamba akijua baadaye itakuwa mara ya pili, na mara ya pili hakuna atakayeniita kwa jina lolote.

"Mama, sina jino linalouma."

"Limepoa?"

"Halikuwepo. Niliandika uongo nione kama mtu anasoma."

Nyuma yangu shuka liliacha kusugua shuka. Jirani alinitazama, kisha akatazama juu ya bega langu, ndani, alipokuwa mama yangu.

"Kwa hivyo wale wote wameombea jino lisilokuwepo," alisema.

"Ndiyo."

"Na ni nani ulimdanganya hapo?"

"Nilimtega mama tu."

"Maombi hayaendi kwa mama yako." Alinyoosha mkono. "Basi nirudishie karafuu. Ni za pilau ya Idi."

Nilizirudisha. Alikunja kikaratasi, na nilidhani ataondoka hivyo, lakini alisimama kidogo. "Wewe una bahati, umejua ni nani," alisema. "Mimi nilikaa siku mbili nikitazama kila mlango hapa uani nikijiuliza ni upi."

Alirudi kwake. Hakufunga mlango wake kwa nguvu, na afadhali angefanya hivyo.

Mama alikuwa ameketi juu ya robota mahali ninapokaa mimi saa kumi. Mikono yake ilikuwa mapajani, bila shuka.

"Ulinitega," alisema. "Kama panya."

"Uliinua mkono, Mama. Ukaapa."

"Niliapa nikijua nitaweza. Halafu ukaanza kugeuka geuka usiku, nikasikia meno yako yakisagana, nikasema wacha nione tu ni nini. Nione tu, nisiseme." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kisha nikaona jino. Jino si siri, nyathina. Nani anaficha jino?"

Ilikuwa hoja ya kweli kabisa na iliniudhi kuliko uongo wowote. Nilimwambia kwamba hakuna mahali palipobaki pa kuweka kitu. Kwamba nilikuwa na nusu saa moja katika siku nzima, naye ameigawa kwa watu watano. Kwamba jirani amesimamishwa kwenye stuli kama mwizi kwa maneno yangu, na hakuna hata mmoja kati ya hao watano aliyeombea wateja wake warudi. Mama alisikiliza. Lile sikio lake zima alikuwa ameligeuzia kwangu.

"Basi niambie kwa mdomo," alisema mwishoni. "Mimi sisomi tena, na wewe huandiki. Unaniambia."

"Nikikuambia, utaniombea?"

"Nitaombea."

"Peke yako? Kimya kimya?"

Alifikiria. Alifikiria kwa muda mrefu hata nikaona kwamba swali langu analipima kwa haki, na kwamba kuapa kungekuwa rahisi zaidi.

"Sijui kama nitaweza," alisema. "Mambo yako ni mazito. Peke yangu yananishinda kubeba."

Hilo nililiamini. Katika majuma yote yale lilikuwa jambo la kwanza alilosema ambalo sikuhitaji kulichunguza, na halikunifariji hata kidogo. Nilichukua daftari, nikaliweka pamoja na karatasi za kuwashia moto, na mama akaniona nikiliweka.

Kesho yake saa kumi aliketi, akanisogezea nafasi kwenye robota, akasubiri. Hofu zilikuwa zimejaa kama kawaida. Nilizipitia moja baada ya nyingine kichwani, nikitafuta ndogo, ile ambayo ningevumilia kuisikia ikitoka dirishani kwa sauti ya mtu mwingine.

"Nywele zangu zinakatika hapa mbele," nilimwambia.

Mama alinishika kichwa, akakiinamisha kwenye mwanga, akaanza kutazama.